Mwalimu Asiyeshika Kasia

Ndugu msomaji, ukitoka Dar es Salaam kwa barabara ya Kilwa, kabla hujafika mjini Kibiti utaikuta Bungu, na hapo ndipo njia ya Nyamisati inapochepuka kushoto kuelekea baharini. Ukifika Nyamisati barabara imekwisha. Mbele yako ni maji na mikoko, na anayetaka kwenda mbele hana budi kupanda chombo. Hilo ndilo lango la delta ya Mto Rufiji, mto mkubwa kuliko yote nchini mwetu, ambao hugawanyika matawi kadhaa kabla ya kuingia Bahari ya Hindi na kuuzungushia maji msitu mkubwa wa mikoko.

Katika nchi hiyo ya vijito, mtumbwi si mchezo. Mtumbwi ndio baiskeli, ndio gari la mizigo, na pengine ndio gari la mgonjwa. Huwapeleka watu shambani kwenye mpunga, huwapeleka sokoni, na huwapeleka watoto shuleni. Aprili 2024, mafuriko yalipozikumba wilaya za Rufiji na Kibiti na maji kuingia katika makazi na mashamba ya watu, tuliona tena thamani ya mtu anayejua kupiga kafi.

Lakini leo sikusudii kuusifu mtumbwi. Nataka nikuulize swali moja: yule kijana unayemwona amesimama tezini na pondo mkononi, akipita katikati ya mikoko bila wasiwasi, ni nani aliyemfundisha? Na huyo aliyemfundisha tunamhesabu kuwa ni mwalimu?

Mimi nilifundishwa na mjomba wangu, ndugu yake mama, wakati wa likizo za shule. Alikuwa mtu wa maneno machache. Siku za mwanzo aliniketisha katikati ya chombo nitazame tu. Baadaye akanipa kafi, naye akakaa nyuma yangu akirekebisha makosa yangu kimya kimya kwa kafi yake. Kisha ikafika siku alipoiweka kafi yake chini, akafumbata mikono.

Siku hiyo tulifika mahali kijito kinapogawanyika njia mbili. Nikamngojea aseme. Hakusema.

“Mjomba, mbona huniambii tushike upande gani?”

“Yatazame maji, mjomba,” alinijibu, maana kwetu mjomba na mpwa huitana jina moja. “Mimi nikisema, wewe hutayatazama.”

Nikashika njia ya kushoto. Maji yalikuwa yanakupwa, nami sikulijua hilo. Haukupita muda mrefu mtumbwi ukakwama juu ya tope, na kijito kikabaki mfereji mwembamba usioweza kuelea hata gome la mnazi. Tukakaa hapo saa nyingi, tukila mihogo ya kuchemsha na kunywa maji ya dumu, mpaka bahari ilipojaa tena. Tulirudi nyumbani usiku. Mama alimlaumu ndugu yake kwa maneno makali: mtoto angeweza kuliwa na mamba, angeweza kupinduliwa na kiboko, na mtu mzima amekaa anatazama tu. Mjomba hakujitetea.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba mama alikuwa na haki. Nilianza kuliona jambo hili kwa jicho jingine niliposoma habari za mtu wa mbali sana na Rufiji, ambaye kazi yake ya maisha yote ilikuwa kuwafundisha wanafunzi wa chuo kupiga makasia.

Mtu huyo ni Harry Parker, wa Marekani, aliyezaliwa mwaka 1935. Alijifunza kupiga makasia akiwa mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, chini ya mwalimu mashuhuri aliyeitwa Joe Burk. Mwaka 1960 alishindana katika Olimpiki ya Roma, katika chombo cha mtu mmoja, akashika nafasi ya tano. Baada ya hapo akaingia katika kazi ya ualimu wa mchezo huo katika Chuo Kikuu cha Harvard. Mwaka 1963 mwalimu mkuu wa makasia wa chuo hicho alifariki ghafla, na Parker, akiwa kijana wa miaka 27, akakabidhiwa kazi. Aliishika kwa misimu 51, mpaka alipofariki tarehe 25 Juni 2013 akiwa na umri wa miaka 77.

Huenda msomaji wa mjini asijue mchezo huu ulivyo. Chombo kikubwa cha mashindano huchukua wapiga makasia wanane. Ni chembamba mno na kirefu, kiasi cha mita 18. Tofauti na kafi ya Rufiji, ambayo mpigaji huishika huru mikononi, kasia la mashindano hushikizwa ubavuni mwa chombo, kama makasia ya mashua zetu yanavyoshikizwa kwa kishwara. Na wale wanane huketi wakiupa mgongo upande wanakokwenda. Anayeona mbele ni mmoja tu, mshika usukani mwenye mwili mdogo, ambaye hapigi kasia. Wanane hao wasipochovya na kuinua makasia kwa wakati mmoja, chombo huyumba na mwendo hupungua, hata kama kila mmoja wao ana nguvu za fahali.

Na mwalimu yuko wapi? Mwalimu yumo katika mashua nyingine yenye injini, pembeni, na kipaza sauti mkononi. Hana kasia. Siku ya mashindano hata sauti yake haifai kitu tena. Kazi yake yote imekwisha kabla ya kipyenga.

Parker alijulikana kwa ukimya wake. Wanafunzi wake waliweza kukaa muda mrefu bila kujua anawafikiriaje. Lakini ukimya huo haukuwa uvivu. Walipopanda ngazi za uwanja mkubwa wa michezo wa chuo ili kuzoeza miguu na mapafu, alizipanda pamoja nao, hata nywele zilipokuwa zimeanza kuota mvi. Walichokiona akikifanya kiliwafundisha kuliko ambavyo hotuba ingewafundisha.

Kila mwaka Harvard hushindana na Chuo Kikuu cha Yale katika mbio za maili nne, yaani kilomita zipatazo 6.4. Mashindano ya vyuo hivyo viwili yalianza mwaka 1852, na ndiyo ya kale kuliko yote kati ya vyuo vya Marekani. Katika mwaka wake wa kwanza wa ukuu Parker aliwashinda Yale. Akawashinda tena mwaka uliofuata, na uliofuata, mpaka ikatimia miaka 18 mfululizo. Mwaka 1981 Yale wakashinda. Hapo wengi wangetafuta wa kumlaumu, au wangefunga mizigo. Parker alirudi mtoni kuwafundisha vijana wengine, akaendelea kwa zaidi ya miaka 30.

Tazama sasa jambo jingine. Mwaka 1968 vijana wake wa Harvard ndio waliochaguliwa kuiwakilisha Marekani katika chombo cha watu wanane kwenye Olimpiki ya Mexico. Baadhi yao walikuwa wametangaza kuwaunga mkono wanariadha Weusi wa nchi yao waliokuwa wakidai haki. Tommie Smith na John Carlos walipoinua ngumi jukwaani, Mwaustralia Peter Norman aliyesimama nao alivaa beji ya harakati hizo, na aliyempa beji hiyo alikuwa Paul Hoffman, mshika usukani wa chombo cha Harvard. Hoffman aliitwa na wakubwa wa Olimpiki wa nchi yake kuhojiwa, nusura azuiwe kushindana. Mwishowe aliruhusiwa, chombo kikashindana, kikawa cha sita katika fainali.

Cha sita ndicho cha mwisho katika fainali, na magazeti hayakosi wa kucheka. Lakini sisi Watanzania tunaielewa vizuri Mexico ya mwaka 1968, maana huko ndiko John Stephen Akhwari alikomaliza mbio za marathoni akiwa wa mwisho, zaidi ya saa moja baada ya mshindi, na goti lake lililoumia likiwa limefungwa bandeji. Hatumkumbuki kwa nafasi aliyoshika. Tunamkumbuka kwa kuwa alimaliza, mahali ambapo hapakuwa na mwalimu wa kumshika mkono.

Miaka minane baadaye, mwaka 1976, mbio za makasia za wanawake ziliingizwa katika Olimpiki kwa mara ya kwanza, huko Montreal. Hiyo ndiyo Olimpiki ambayo Tanzania na nchi nyingi za Afrika ziliisusia, kwa sababu ya New Zealand kucheza raga na Afrika Kusini ya ubaguzi. Parker, ambaye kazi yake ya kila siku ilikuwa kufundisha wanaume, ndiye aliyewafundisha wanawake wa Marekani wa chombo cha watu wanane, wakapata medali ya shaba. Jambo hilo lisingemshangaza mtu wa delta, ambako kafi haina jinsia na mama huvuka maji na mwanawe bila kungoja mwanamume wa kumvusha.

Wala usidhani kwamba elimu hii ya vyuoni haitufikii watu wa Afrika Mashariki. Kathleen Noble, aliyezaliwa na kukulia Uganda, alianza kushika kasia akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Princeton. Katika Olimpiki ya Tokyo, iliyofanyika mwaka 2021, akawa mpiga makasia wa kwanza kuiwakilisha Uganda. Alikuwa peke yake ndani ya chombo chake, lakini nyuma yake walikuwapo waliomfundisha.

Ndugu msomaji, nimekuzungusha mbali ili nikurudishe nyumbani kwako. Sisi wazazi wa mjini tumekuwa watu wa kushika kasia la mtoto. Mtoto akipewa zoezi la hesabu, baba analifanya. Akitumwa dukani, mama anamchungulia dirishani, kisha anamfuata. Akigombana na mwenzake, tunakwenda kugomba na wazazi wa mwenzake. Halafu akifika miaka 20 na kushindwa kuamua jambo dogo, tunasema vijana wa siku hizi hawafai. Wahenga walisema, mchelea mwana kulia hulia yeye.

Wapo pia wazazi wa upande wa pili, wanaomsukuma mtoto majini bila kumfundisha, kisha wakajisifu kwamba wanamkomaza. Huko si kufundisha. Maji hayana simile, na anayetupwa bila kufunzwa aghalabu huzama. Parker hakukaa kimya mpaka alipokwisha kuwapitisha vijana wake katika mazoezi ya miezi mingi, asubuhi baada ya asubuhi. Kuachia mkono ni hatua ya mwisho ya mafunzo, si ya kwanza, na mwalimu anayeachia hana budi kubaki karibu, macho yake yakiwa wazi.

Hapa ndipo ninapomrudia mjomba wangu. Miaka mingi baada ya siku ile ya tope, nilimkumbusha mama jinsi alivyomgombeza ndugu yake. Akanyamaza kidogo, kisha akaniambia jambo ambalo sikuwa nalijua. Asubuhi ya siku ile, mjomba alimwomba achemshe mihogo ya milo miwili na kujaza dumu la maji, ingawa safari yetu ilikuwa ya saa mbili tu. Mama alimshangaa, lakini akampa. Hasira zilipompanda usiku alikisahau kikapu, na alipokuja kukikumbuka aliona haya kusema.

Basi mjomba alijua kwamba bahari inakupwa. Alijua kijito cha kushoto kitatukwamisha, na alijua kwamba hapo tutakapokwama hapana hatari kubwa kuliko njaa, kiu na mbu. Alikuwa amenipimia kosa langu, akalifungia chakula. Na tangu siku ile sijaingia kijitoni bila kutazama kwanza kama maji yanajaa au yanakupwa.

Mjomba hakuwa na cheti wala medali. Watu wa aina yake wako wengi katika delta na katika mitaa yetu: fundi seremala anayemwacha mwanagenzi aukate ubao wa kwanza, bibi anayemwachia mjukuu jiko la wali. Kazi yao haionekani, kwa sababu ikifanikiwa anayeonekana ni mwanafunzi.

Jumapili hii, ikiwa yupo hai aliyekufundisha jambo kwa namna hiyo, mpigie simu au nenda ukamwamkie. Na ikiwa una mtoto nyumbani, tafuta jambo moja ambalo umekwisha kumfundisha ya kutosha, ufumbate mikono, umwache alifanye. Usisahau tu kuandaa kikapu cha mihogo.

Tukutane tena Jumapili ijayo, majaaliwa.