Liti hahitaji mizinga

Mwenzetu aliyeandika kwamba filamu kuhusu Liti, shujaa wa Wanyaturu, haiwezekani bila mabilioni, farasi na mizinga anadhani maisha ya shujaa ni vita tu. Mwaka 1990 María Luisa Bemberg wa Argentina alitoa Yo, la peor de todas, filamu ya Kihispania kuhusu Sor Juana, mtawa na mshairi wa Meksiko wa karne ya 17. Jeshi halimo. Zimo kuta za studio, vitabu, na wakuu wa Kanisa wanaomwogopa mwanamke anayefikiri. Anapolazimishwa kuviacha vitabu, mtazamaji anahema kama aliyetoka vitani.

Liti, anayesimuliwa kuwaachia nyuki askari wa Kijerumani, tumeupa jina lake uwanja wa mpira uliokuwa ukiitwa Namfua. Vizuri. Ila anayeshangilia bao pale hajui huyu mama alimpenda nani wala alibishana na nani.

Maandishi kumhusu ni machache, anasema mwenzetu. Kweli. Basi waulizwe wazee wa Kinyaturu, na masimulizi yao yakipingana, yaachwe yapingane kwenye skrini. Nyuki wasionekane kabisa. Mvumo wao na nyuso za askari vinatosha. Hapo bilioni ni za nini?