Skrini ya pili, mteja ajisomee

Katika saiba nyingi za Migori na Homa Bay, mteja bado husimama nyuma ya mhudumu akinyoosha shingo, ajue kama jina lake limeandikwa sawa kwenye fomu ya KUCCPS ya kuomba nafasi ya chuo au ombi la pasipoti la eCitizen. Mimi ni fundi wa mashine hizo, kuanzia Isebania hadi Mbita, na ninasema kila saiba iweke skrini ya pili kwenye kona ya kaunta, imeelekezwa mshazari, mhudumu na mteja wote waione.

Kompyuta yenyewe iwe ya Linux. Windows 10 iliacha kupewa masasisho ya bure ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta nyingi za mitumba tunazouziwa hazitimizi masharti ya Windows 11.

Wenye saiba hunijibu kwamba walijaribu, skrini zikakataa kukaa sawa. Nikifika, mara nyingi nakuta laptopu ya pikseli 1366 kwa 768 kando ya skrini ya 1920 kwa 1080, zimelinganishwa juu. Kishale kikishuka chini kabisa ya ile kubwa hakivuki ng'o, maana pikseli 312 za chini hazina jirani. Fungua mipangilio ya skrini, buruta kisanduku kidogo mpaka ukingo wake wa chini ulingane na wa kikubwa, kubali. Basi.

Wengine hukwepa kazi hiyo kwa kuakisi, skrini zote mbili zionyeshe kitu kimoja. Hapo nakataa kabisa. Mteja ataona kitambulisho cha aliyemtangulia, taarifa yake ya M-Pesa, pengine na nywila ya KRA iliyoandikwa kwenye notipadi. Sheria ya Ulinzi wa Data tunayo tangu 2019. Skrini zikiungana badala ya kuakisiana, unamsogezea mteja fomu yake peke yake.

Halafu kuna stima. Ikipotea na kurudi, watu huchomoa na kuchomeka ovyo. Ubuntu, aina mojawapo ya Linux, huandika mpangilio kwenye faili la monitors.xml, na humo kila skrini imetajwa pamoja na tundu lake. Ukihamisha waya, mpangilio unapotea. Mimi hubandika kipande cha selotepu kwenye waya na kingine kwenye tundu, rangi moja.

Skrini ikigoma kupita 1024 kwa 768, shuku waya wa VGA au adapta ya bei rahisi kwanza: huenda kompyuta haipati taarifa za skrini hiyo. Usikimbilie kuwekewa Windows ya wizi kwa ajili ya waya mbovu.

Nawe mteja, mhudumu akitaka kutuma fomu kabla hujaisoma kwa macho yako, mzuie.