Joto la Pwani Halimtoshi Mtoto Mchanga

Mtu wa Pwani akiambiwa kwamba mtoto mchanga aweza kudhurika kwa baridi, huitazama feni inayozunguka darini akacheka. Baridi ni ya Limuru, atasema. Sisi huku Mombasa na Lamu twatokwa jasho hata usiku wa manane. Maneno hayo ni kweli kwa mtu mzima. Kwa mtoto aliyezaliwa leo si kweli, na kwa yule aliyezaliwa kabla ya wiki 37 kutimia, yaweza kumpotezea uhai.

Mtoto hutoka tumboni akiwa ameloa, na umajimaji ule unapokauka huondoka na joto lake, kama vile sisi tunavyosisimka tukitoka baharini na kusi inavuma. Hana uwezo wa kutetemeka ili ajipashe joto. Ngozi yake ni nyembamba, na mafuta maalumu ya kumpa joto hujikusanya zaidi katika wiki za mwisho za mimba, wiki ambazo mtoto njiti hakuzipata.

Joto la mwili wake lafaa liwe kati ya nyuzi 36.5 na 37.5 za Selsiasi. Likishuka, sukari hupungua katika damu, pumzi huwa za shida, na nguvu za kunyonya humwisha. Naye huenda asilie. Hunyamaza, na jamaa waliomzunguka wakasema, "Mashaallah, mtoto mtulivu." Utulivu wa namna hiyo ni wa kuchunguzwa.

Kinga yake haina gharama. Mara azaliwapo akaushwe vyema, kitambaa kilicholoa kiondolewe, na awekwe juu ya kifua cha mama, ngozi kwa ngozi, wafunikwe pamoja. Avikwe kofia, feni izimwe, na aanze kunyonya ndani ya saa ya kwanza. Adhana yaweza kusomwa sikioni mwake akiwa hapo hapo kifuani. Kumwogesha kusubiri: Shirika la Afya Duniani lashauri zipite saa 24. Siku ya saba, akinyolewa nywele, avikwe kofia papo hapo. Na akiwa ni njiti, daktari aulizwe kwanza.

Kwa watoto njiti, kifua cha mama ni tiba kamili. Mwaka 1978, katika jiji la Bogotá nchini Kolombia, daktari Edgar Rey Sanabria alianza kuwafunga njiti vifuani mwa mama zao kwa kuwa mashine za kuwatunzia zilikuwa chache. Utafiti uliotangazwa mwaka 2021, uliofanywa katika nchi tano, Tanzania ikiwamo, ulihusu watoto wenye uzito wa kilo 1 hadi karibu 1.8. Waliowekwa kifuani mapema baada ya kuzaliwa, bila kungojea kwanza hali itengemae, vifo vyao vilipungua kwa robo. Leo hushauriwa mtoto abebwe hivyo saa 8 hadi 24 kila siku.

Namna yake ni hii: mtoto abaki na nepi, kofia na soksi tu, asimamishwe katikati ya matiti, uso ugeuzwe upande ili pua isizibwe, kisha afungwe kwa leso iliyokaza kiasi. Mama akichoka, baba au bibi apokee zamu. Kifua cha baba nacho kina joto.

Mpimeni kwa nyuma ya kiganja. Miguu ikiwa baridi na tumbo lina joto, arudishwe kifuani bila kuchelewa. Miguu na tumbo vyote vikiwa baridi, au akikataa kunyonya, au akilegea, msingoje asubuhi. Mpelekeni hospitali, na njia nzima awe kifuani, ngozi kwa ngozi. Msimwekee chupa ya maji moto, kwani humuunguza. Wala msiwashe jiko la makaa chumbani, kwani hewa yake yaua mama na mwana.

Leso hazikosekani katika nyumba zetu, na vifua vya kumpokea mtoto vipo. Lililobaki ni kuacha kulitegemea joto la hewa, na kumpa mtoto joto la miili yetu.