Staftahi Moja Haiwafai Wote Nyumbani

Mabibi wengi wa kambini wana desturi ya kupika sufuria moja ya uji kila asubuhi na kuumimina katika vikombe vyote, cha bwana, cha mama mkwe, cha watoto na cha mgeni, kila kimoja kwa kipimo kile kile cha sukari. Desturi hiyo ina haki yake nasi hatuidharau, kwani makaa yana bei na alfajiri ni fupi. Lakini miili inayonywa uji huo hailingani.

Mwaka 2020 wataalamu wa King's College ya London na wenzao walitangaza matokeo ya uchunguzi wao juu ya watu 1,002, wengi wao wakiwa mapacha. Watu hao walipewa vyakula vilivyo sawa, kisha wakapimwa sukari na mafuta katika damu. Tofauti iliyoonekana kati ya mtu na mtu ilikuwa kubwa, hata miongoni mwa mapacha wa yai moja. Ikiwa hao hawalingani, sajini wa miaka 50 anayeketi ghalani atalinganaje na kuruta wa miaka 20?

Jambo la kwanza la kutazamwa, basi, ni kazi. Kuruta akimbiaye tangu alfajiri huutumia uji wake wote kabla ya saa nne, tena huomba mwingine. Sajini wetu hunywa vikombe viwili vya chai, kila kimoja vijiko vinne vya sukari, na mikate ya siagi juu yake. Kijiko kimoja cha chai huchukua sukari ya gramu 4 hivi, kwa hiyo bwana huyu amekwisha kumeza gramu 32 kabla hajafungua daftari la ghala. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba sukari ya kuongezwa isizidi sehemu moja ya kumi ya nguvu ambazo mtu huzipata katika chakula cha siku nzima, na kwamba ingefaa zaidi ipungue hata gramu 25 hivi. Kiuno cha afande huyo hakitaki ushahidi mwingine.

Kwake yeye tungependekeza katogo ya ndizi na maharage, yenye mafuta machache na chumvi kidogo, au viazi vitamu viwili vya kuchemsha pamoja na yai, au mukene waliokaushwa vizuri. Maharage, mayai na samaki hukaa tumboni kwa muda mrefu kuliko mkate mweupe, na njaa haimrudii mtu upesi. Anayependa uji na apikiwe wa ulezi, sukari ikipunguzwa kidogo kidogo juma baada ya juma. Ulimi huzoea, ingawa hunung'unika mwanzoni.

Wako wanaoamka bila hamu ya kula, na wake zao huwalazimisha kwa upendo. Tusiwalazimishe. Mwaka 2019 jarida la waganga wa Uingereza, BMJ, lilichapisha mapitio ya majaribio 13, na hayakuonyesha kwamba kula asubuhi humsaidia mtu mzima kupunguza uzito. Askari aliyetoka zamu ya lindo la usiku naye ale kidogo tu, kisha alale, kwa maana mwili hauishughulikii sukari vyema saa za usiku kama saa za mchana.

Hata hivyo, uhuru huo hauwahusu wote. Mgonjwa wa kisukari anayedungwa insulini, au anayemeza baadhi ya vidonge vya ugonjwa huo, akitumia dawa kisha asile, sukari yake yaweza kushuka ghafula. Hutetemeka, hutokwa na jasho, husema maneno yasiyoeleweka, na wenzake hudhani amelewa. Fikirini mtu wa namna hiyo akiwa ameshika usukani wa lori au bunduki. Maadamu ana fahamu na aweza kumeza, apewe maji ya sukari mara moja, halafu chakula, kisha apelekwe zahanati. Akiwa amezimia, asitiwe kitu kinywani, bali akimbizwe kwa mganga. Anayetaka kufunga saumu hali anatumia dawa hizo hana budi aulize zahanati mapema, si usiku wa kuamkia Ramadhani.

Kambini husikika pia kwamba asiyekula asubuhi hupata vidonda vya tumbo. Barry Marshall na Robin Warren, wataalamu wa Australia, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005 kwa kugundua kwamba vidonda vingi vya namna hiyo vinahusiana na kijidudu kiitwacho Helicobacter pylori. Dawa za maumivu kama aspirini nazo huchangia. Njaa yaweza kuyaongeza maumivu, lakini uji hauui kijidudu. Mwenye kuungua tumbo kila siku akapimwe.

Je, mtu aliye mzima ataijuaje staftahi yake? Achukue daftari la mtoto lenye kurasa zilizobaki. Kwa juma moja ale kama kawaida, na kila siku saa nne aandike maneno matatu au manne: nina njaa, nasinzia, tumbo limejaa, niko sawa. Juma la pili abadilishe kitu kimoja tu, labda yai mahali pa mkate, aandike tena. Akibadilisha vitu vitatu kwa pamoja hatajua ni kipi kilichomfaa. Ajaribu pia maziwa, kwani watu wazima wengi hawayayeyushi vyema. Tumbo likivuma, ajaribu ya mgando, ambayo kwa kawaida huwa mapesi zaidi. Kupimwa sukari na shinikizo la damu zahanati kutampa habari ambazo daftari haliwezi kutoa.

Bibi mjamzito, na yeyote aliyepungukiwa damu, asinywe chai pamoja na chakula, kwani chai huzuia madini ya chuma yasiingie mwilini. Aingoje kwa muda wa saa moja hivi, na badala yake ale chungwa au papai pamoja na maharage.

Watoto wasihusishwe katika majaribio haya. Tumbo la mtoto ni dogo, naye anakua. Apewe kila asubuhi uji mzito uliochanganywa na karanga zilizosagwa, wala si chai tupu. Karanga zenyewe zichaguliwe kwanza, moja moja, na zilizokunjamana, zenye ukungu au uchungu zitupwe, kwa sababu sumu ya ukungu huo haiondoki kwa kuchemsha.