MGENI SIKU MBILI

Kijana wa Kakamega akibahatika kufika Paris, mji mkuu wa Ufaransa, hazipiti siku nyingi kabla moyo wake haujatekwa. Jioni husimama juu ya daraja la mto Seine akatazama taa zikimetameta majini. Huona mnara wa Eiffel, uliokamilishwa kwa chuma mwaka 1889, ukienda juu mita 330. Huona wapenzi wameshikana mikono ukingoni mwa mto, wasimjali apitaye. Huketi mkahawani akanywa kikombe kidogo cha kahawa kwa bei ambayo kwao ingetosha chakula cha mchana cha nyumba nzima, wala asinung'unike.

Taabu huanza akisha kurudi. Kila neno lake ni Paris. Soko la Kakamega lina matope, barabara ni nyembamba, pikipiki zina kelele. Baba yake akimwomba asaidie kuzibua mfereji wa mbele ya nyumba, hujibu kwamba Paris hapana mifereji kama hiyo.

Kijana huyo hana kosa kuupenda mji mzuri, maana macho hayana pazia. Lakini wazee walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Yeye aliondoka Paris kabla ya siku ya tatu. Aliiona karamu, jikoni hakufika.

Uzuri ule haukuota kama uyoga. Katikati ya karne ya 19 Paris ilikuwa na vichochoro vingi vyenye giza na uvundo, na kipindupindu kilikuwa kimekwisha kuua watu kwa maelfu. Tangu mwaka 1853 hata 1870, Georges Haussmann, aliyekuwa mkuu wa serikali mjini humo, alivunja mitaa ya zamani, akapasua barabara pana, akaleta maji safi kutoka chemchemi za mbali na kuchimba mifereji ya maji machafu chini ya ardhi. Maskini wengi walipoteza makao yao, na mji ukaachiwa deni kubwa. Leo mifereji hiyo yazidi kilomita 2,000, na wako watu ambao kazi yao ni kushuka humo kuisafisha. Kijana alipokuwa akinywa kahawa yake, mfereji ulikuwa chini ya kiti chake.

Tena mapenzi ya wageni yana uzito wake. Katika daraja moja la Paris liitwalo Pont des Arts, wapenzi kutoka pande zote za dunia walizoea kufunga kufuli zenye majina yao, kisha kutupa ufunguo mtoni. Mwezi wa Juni 2014 sehemu ya ukingo wa daraja ilianguka kwa uzito huo. Mwaka uliofuata wakuu wa mji waliziondoa kufuli zote, yapata tani 45. Waliozifunga walikuwa wamekwisha kwenda zao. Waliozibeba ni wenyeji.

Hata Seine yenyewe ilichafuka hata watu wakakatazwa kuoga humo mwaka 1923. Ilisafishwa kwa fedha zaidi ya euro bilioni moja, na mwezi wa Julai 2025 raia wakaruhusiwa tena kuogelea. Kosa hilo lilidumu miaka 102.

Yuko mgeni mwingine wa Paris anayefaa kukumbukwa. Sultani Barghash bin Said wa Unguja alizuru London na Paris mwaka 1875. Hakurudi na masimulizi matupu. Katika utawala wake maji safi yaliletwa mjini Unguja kwa mabomba, watu wakateka bila malipo. Na mwaka 1883 likasimama Beit al-Ajaib, yaani Jumba la Maajabu. Lakini jumba hilo nalo lilidai jembe lake. Lilichakaa miaka mingi, na tarehe 25 Desemba 2020, mafundi wakiwa katika kulitengeneza, sehemu yake iliporomoka na kuua watu.

Kakamega nayo ina wageni wanaoipenda. Watu huvuka bahari kuja kutazama msitu wake, wenye ndege wa aina zaidi ya 300, na Jiwe Linalolia la Ilesi, kando ya barabara ya Kisumu. Nao hukaa siku mbili, wakarudi kwao kuusifu msitu. Habari za mfereji hawazijui.

Mwenye kuujua ni mwenyeji. Mvua ikinyesha, takataka za mfereji ulioziba huchukuliwa hata mto Isiukhu, na Isiukhu huzipeleka Nzoia, na Nzoia huzimwaga ziwani. Usafi wa mto huanzia mbele ya nyumba ya mtu.

Basi kijana aliyeipenda Seine na aendelee kuipenda. Asiache mbachao kwa msala upitao. Na baba yake akimwita tena, achukue jembe, kwa kuwa hapa kwao siku ya tatu imekwisha kufika.