Dada Zetu Wasiachwe Peke Yao



Mara nyingi katika karatasi hii tunasema habari za mshahara, nyumba na saa za kazi. Leo tunasema jambo ambalo watu hulinong'ona tu: wanawake wanaoshikwa kwa nguvu, au wanaoambiwa na nyapara, "Ukinikataa hupati kazi."

Mwezi wa Februari 2023 BBC ya Uingereza ilitangaza maneno ya wanawake zaidi ya 70 wa mashamba ya majani chai hapa Kenya, waliosema wametendewa mabaya hayo na wakubwa wao wa kazi. Mama mwenye watoto wa kulisha akinyamaza, si kwamba amekubali. Anaogopa kufukuzwa.

Basi kila memba ajue la kufanya. Kwanza ni hospitali, na upesi. Dawa ya kuzuia virusi vya UKIMWI lazima ianzwe kabla ya saa 72 kupita, nayo humezwa siku 28. Dawa ya kuzuia mimba yafaa mpaka saa 120, lakini mapema ni bora. Asioge kwanza wala asifue nguo zake. Azitie katika mfuko wa karatasi, si wa plastiki. Hospitali za Serikali zatakiwa kumtibu bila malipo, hata kama bado hajafika polisi. Daktari ataandika fomu ya PRC, na polisi watatoa fomu ya P3. Asiyejua pa kuanzia apige simu 1195 bila malipo. Kwa mtoto ni 116. Hata siku zikipita, aende tu: yako matibabu mengine, na wako washauri wa kumsikiliza. Wanaume nao hutendewa haya, na msaada wao ni huo huo.

Sheria iko. Sheria ya Makosa ya Ngono ya 2006 imeweka kifungo kisichopungua miaka 10 kwa mbakaji. Mkubwa anayezidi kumsumbua mtu wa chini yake kwa kumtaka aweza kufungwa miaka isiyopungua 3, au kutozwa shilingi zisizopungua 100,000, au yote mawili. Na Sheria ya Kazi ya 2007 inamtaka tajiri mwenye wafanya kazi 20 au zaidi aandike amri ya kukataza jambo hili na kuwajulisha wote. Je, umeiona kazini kwako? Kama hujaiona, mwulize mjumbe wako, naye amwulize tajiri.

Sasa neno gumu. Nyapara naye huenda ni memba, analipa ada kama sisi. Ana haki ya kusikilizwa. Lakini mjumbe yeyote asiende kumbembeleza mama huyo aondoe kesi, wala asikae na wazee kuhesabu mbuzi na shilingi. Hiyo si kazi ya Chama. Kazi ya mjumbe ni kumsindikiza hospitali, kuangalia asifukuzwe, na kufunga mdomo: habari yake si ya kupelekwa kilabuni. Asimwulize alivaa nini wala alipita wapi. Amwambie, "Nimekusikia, dada. Si kosa lako."

Umoja ni nguvu, twasema kila mkutano. Lakini umoja unaomwacha mama mmoja alie peke yake katikati ya majani chai, huo si umoja.

Mhariri