Somo halijafika Kayole

Machi 2007 Safaricom ilizindua M-Pesa. Miezi miwili baadaye, wataalamu wa elimu kutoka nchi nyingi walikutana hapa Nairobi katika mkutano wa eLearning Africa, wa pili tangu ule wa kwanza wa Addis Ababa mwaka 2006. M-Pesa ilienea vibandani kote Eastlands kwa sababu ilitengenezewa mulika mwizi, simu ambayo mama mboga alikuwa nayo tayari mkononi. Somo la chuo kikuu bado linatafuta njia ya kuja huku.

Wakati ule sababu ilikuwepo. Kenya haikuwa na kebo ya intaneti inayopita baharini. Tulitegemea setilaiti na bei yake ilikuwa ya kuumiza. Kebo za TEAMS na SEACOM zilifika Mombasa mwaka 2009. Mikutano imeendelea, na Mei 2025 eLearning Africa ilikuwa Dar es Salaam. Vyuo vyetu navyo huitisha makongamano yao, na kila mara husifu kozi zilizopakiwa mtandaoni. Anayehesabu zilizofunguliwa ni nani?

Nina saiba Umoja, karibu na Mutindwa. Jioni viti hujaa wanafunzi wa vyuo. Wengine husomea mjini, wengine wamejiandikisha katika Chuo Kikuu Huria cha Kenya, kilichopewa hati Agosti 2023 ili kifundishe kwa mtandao. Yuko msichana anayeuza mitumba Gikomba mchana kutwa. Anaishi Kayole na wadogo zake katika chumba kimoja ambacho ndicho jikoni, ndicho sebule, ndicho cha kulala. Saa mbili usiku ananijia na daftari. Ana simu nzuri tu; kinachomshinda ni bando, na mahali pa kukaa kimya.

Mhadhara wa saa moja huwekwa kama video, na video hiyo hula mamia ya megabaiti. Anachoonyeshwa humo mara nyingi ni mhadhiri akisoma maandishi yaliyo ukutani nyuma yake. Sauti peke yake, ikirekodiwa kwa kipimo cha chini, ingetoshea kwenye megabaiti 15 hivi, na maandishi yakafuata kwa faili dogo. Binti huyu angelisikiliza somo ndani ya matatu akienda Gikomba alfajiri, akalirudia jioni, bila kukopa Okoa Jahazi. Kwa hesabu za kiufundi hili ni jambo dogo sana. Kwake ni pesa ya unga.

Halafu kuna saa za kukabidhi kazi. Karibu kila kozi ninayoiona huweka mwisho dakika moja kabla ya saa sita usiku. Aliyepanga hivyo yuko kwake, mtandao uko ukutani. Mwanafunzi wangu yuko mtaa mwingine, na akimaliza lazima arudi Kayole usiku huo. Huwa sifungi mpaka amalize, kisha nampigia mwendesha boda ninayemjua amfikishe mlangoni. Kwa nini mwisho usiwe saa nne asubuhi? Sijaona somo ambalo lingeharibika kwa kungoja jua.

Jioni moja stima ilipotea mtaa mzima kijana mmoja akiwa katikati ya mtihani. Iliporudi mfumo ulikuwa umejifunga. Chuo chake kilimtaka aandike barua ya maelezo, akaandika, na alama ikabaki sufuri. Niliuona uso wake, na bado nina hasira.

Dawa ya hilo ipo kwenye mfumo wenyewe. Vyuo vingi hutumia Moodle, na programu yake ya simu humwezesha mwanafunzi kupakua somo penye mtandao na kulisoma pasipo na mtandao. Hata jaribio fupi linaweza kujibiwa hivyo, majibu yakatumwa baadaye. Lakini lazima msimamizi wa mfumo afungue huduma hiyo, na mhadhiri aruhusu jaribio lake lijibiwe hivyo.

Mahali pa kukaa pia papo. Eastlands ina maktaba Kaloleni, Makadara na Buruburu. Chuo chenye wanafunzi mamia mtaani kinaweza kukaa na wenye maktaba hizo, kikalipia mlinzi, taa na mtandao mpaka saa tatu usiku. Nitapoteza wateja, najua. Afadhali nibaki na kupiga chapa na kutoa nakala, watoto wapate meza.

Moodle huweka kumbukumbu ya kila aliyefungua somo na saa aliyolifungua. Kwenye kongamano lijalo, kila chuo kije na kumbukumbu hizo na kuzisoma mbele ya wenzake: wangapi walifungua, saa ngapi, na wangapi hawakurudi tena baada ya wiki ya kwanza. Kisha wapigiwe simu hao ambao hawakurudi, waulizwe walikwama wapi.